Karani Asiyelala: Tumfukuze au Tumwache?



Jumapili chache zilizopita, yapata saa kumi za alasiri, jirani yangu aliletewa chai na binti yake. Akaionja, akakuta haina sukari hata chembe. Alidhani binti amesahau, akainywa hivyo hivyo. Kesho yake ikawa vile vile, na keshokutwa pia. Siku ya nne akamwita, akamwuliza, "Mwanangu, kwani sukari imekwisha humu ndani?" Binti aliinama, machozi yakamtoka. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Baba, ile barua uliyomwandikia baba mkubwa nimeisoma."

Jirani yangu huyu ni dereva mstaafu wa malori, mtu mzima anayeheshimika mtaani kwetu. Miezi mitatu kabla ya siku hiyo aliambiwa hospitalini kwamba ana ugonjwa wa kisukari. Hakumwambia mkewe, wala watoto. Aliona atawatia hofu ya bure. Mtu pekee aliyemweleza ni kaka yake aliyeko Songea. Alimwandikia barua kwa kompyuta ya nyumbani, akaenda kuitoa kwenye karatasi dukani, akaituma. Nakala ikabaki ndani ya kompyuta, mahali ambapo yeye aliamini hapana mtu atakayefika.

Binti naye yuko kidato cha tatu. Alikuwa akitafuta insha yake ya Jiografia juu ya mashamba ya miwa ya Kilombero. Hakukumbuka ameiweka wapi. Akaandika neno moja tu, "sukari", katika kisanduku cha kutafutia. Kufumba na kufumbua kompyuta ikamletea vitu vitatu: insha yake, hesabu za genge la mama yake, na barua ya baba yake.

Usiku wa siku hiyo mzee alinijia nyumbani. "Ndugu yangu," akaniambia, "mashine ile ina kasoro mbili. Kwanza ni nzito kama lori la saruji linalopanda Kitonga. Pili ni mmbea. Kijana mmoja fundi ameniambia kwamba yote mawili yanatokana na kitu kimoja, kazi ya kutengeneza faharasa ya majalada, na kwamba dawa yake ni kuizima. Nawe unaonaje? Niizime?"

Swali hilo ndilo mazungumzo yetu ya leo. Najua si yeye peke yake anayeulizwa. Siku hizi nyumba nyingi za wafanyakazi zina kompyuta moja, mara nyingi iliyokwisha tumika ng'ambo, nayo hutumiwa na baba, mama na watoto kwa zamu. Ushauri wa "zima hiki, zima kile" hutolewa barazani bila kupimwa. Basi na tuupime.

MASIJALA YA NYUMBANI

Waliowahi kufanya kazi katika ofisi za serikali au mashirika ya umma wanaijua masijala. Ni chumba chenye makabati ya majalada, na ndani yake yumo karani mwenye daftari. Kila barua inayoingia karani huiandika humo: imetoka kwa nani, inahusu nini, imewekwa katika jalada gani. Mkubwa akitaka barua ya mwaka juzi, karani hakimbilii makabati. Hufungua daftari, akapitisha kidole, akainuka mara moja na kwenda palipo na jalada lenyewe. Ofisi isiyo na daftari hilo, karani hufungua jalada moja baada ya jingine mpaka jua linatua.

Kompyuta nayo ina karani wa namna hiyo. Katika mashine zinazotumia Windows, karani huyo huitwa Windows Search, naye huja akiwa amekwisha washwa tangu toleo la Vista, lililofika madukani Januari 2007. Kampuni ya Apple ilikuwa imemtangulia na wake aitwaye Spotlight, aliyeanza kazi Aprili 2005. Kazi yao ni moja. Wakati wewe umetulia, karani hupita katika folda zako, akasoma majina ya majalada, tarehe zake, na kwa barua na hati nyingine za maandishi, husoma hata maneno yaliyomo ndani. Kisha huandika daftari la kinyume: badala ya kueleza jalada hili lina maneno gani, hueleza neno hili linapatikana katika majalada gani. Ndiyo maana binti alipoandika "sukari" hakungoja.

Ufundi huo si mpya. Kurasa za mwisho za vitabu vya maarifa, zenye maneno na namba za kurasa, ni daftari hilo hilo. Katika karne ya 13 huko Paris, watawa wa Kidominika wakiongozwa na Hugh wa Saint-Cher waliyapanga kwa mkono maneno ya Biblia ya Kilatini, mbele ya kila neno wakaandika mahali linapopatikana. Kazi iliyohitaji watu wengi na miaka, leo mashine huifanya ukiwa umelala.

Daftari hilo hukaa ndani ya diski ya kompyuta yako mwenyewe. Kwa kawaida ukubwa wake haufiki asilimia 10 ya majalada yaliyosomwa. Yaani mwenye hati za GB 20 atapoteza chini ya GB 2. Microsoft wenyewe wanaeleza kwamba daftari hilo halipelekwi kwao wala kwa kompyuta nyingine. Lakini usilichanganye na jambo jingine: maneno unayoyaandika katika kisanduku cha kutafutia kilichopo chini ya kioo yanaweza pia kupelekwa katika intaneti kutafutiwa majibu huko. Hilo lina swichi yake peke yake, na kumfukuza karani hakulizimi.

JE, NDIYE ANAYEILEMEZA MASHINE?

Tuje katika shutuma ya kwanza, ya uzito. Hapa jambo la kwanza la kujua ni aina ya diski iliyomo katika mashine yako.

Ziko diski za namna mbili. Ya zamani ina sahani inayozunguka na mkono unaosoma juu yake, kama santuri na sindano yake. Diski nyingi za kompyuta ndogo za mkononi huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Kila kitu kinapotakiwa, mkono husogea, kisha hungoja sahani ifike mahali pake. Kwa hesabu hiyo diski haiwezi kuchukua vitu vilivyotawanyika huku na huko zaidi ya makumi machache kwa sekunde moja. Sasa fikiri karani anataka kusoma majalada elfu, programu ya kuwinda virusi nayo inataka kusoma, na wewe unataka kufungua barua. Wote watatu mnapigania mkono mmoja.

Diski ya pili ni ile ambayo mafundi wa Kariakoo huiita SSD. Haina kinachozunguka wala kinachosogea. Huchukua vitu maelfu na maelfu kwa sekunde. Katika mashine yenye diski hii, kazi ya karani ni vigumu hata kuihisi. Wako wanaosema karani huichakaza SSD kwa kuandika andika. Tupige hesabu. Diski nzuri za GB 250 mara nyingi hupewa dhamana ya kuandikiwa TB 100 au zaidi. Hata ukiandika GB 10 kila siku, kutwa na kutwa, TB 100 zitakuchukua siku 10,000, zaidi ya miaka 27. Katika nyumba ya kawaida sehemu ya karani katika maandishi hayo ni ndogo. Hofu hiyo iwekwe kando.

Jambo la pili ni kwamba karani ana adabu. Ameagizwa kupunguza kasi mwenye nyumba anapofanya kazi, na kuendelea mwenye nyumba akiondoka. Kazi nzito huwa nayo siku za kwanza tu, mashine ikiwa mpya, au ikiwa imetoka kuwekewa toleo jipya la Windows, au umeimwagia majalada mengi kwa mara moja. Baada ya hapo huandika yale tu yaliyoongezeka au kubadilika. Basi anayemhukumu katika siku hizo za kwanza ni sawa na anayemlaumu fundi mwashi kwa vumbi wakati nyumba ingali inajengwa.

Usihukumu kwa kusikia. Bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Itafunguka orodha ya programu zote zinazofanya kazi, pamoja na safu inayoonyesha nani anatumia diski kiasi gani. Karani wetu huonekana humo kwa jina la Microsoft Windows Search Indexer. Akiwa juu ya orodha kwa saa chache baada ya kazi kubwa, mwache. Akiwa juu ya orodha siku baada ya siku, hapo kuna jambo. Pengine daftari limeharibika na linataka kujengwa upya, au amepewa eneo kubwa mno. Microsoft wanaeleza kwamba wenye kompyuta wengi wana vitu vilivyo chini ya 30,000 katika daftari, na kwamba matatizo ya kasi huweza kuanza vinapozidi 400,000.

Tulipofungua mashine ya jirani yangu usiku ule, tuliona mambo wazi. Karani alikuwa kazini kweli, lakini kwa sababu siku mbili nyuma kijana wa nyumba alikuwa amehamishia humo picha zote za simu ya familia. Aliyekuwa juu yake katika orodha alikuwa mwingine kabisa, programu ya kuwinda virusi. Tukaiacha mashine ikiwaka usiku kucha, kioo kimezimwa. Kompyuta ya kawaida ikikaa hivyo kwa saa nane haimalizi hata uniti moja ya Luku. Asubuhi karani alikuwa ametulia, lakini mashine bado ilichukua muda mrefu kuamka. Diski ilikuwa ya kuzunguka, na kumbukumbu ya kufanyia kazi ilikuwa GB 4 tu. Lori lilikuwa limechoka injini, nasi tulikuwa tunamlaumu utingo.

UNACHOPOTEZA UKIMFUKUZA

Haina maana kwamba kumfukuza ni kosa. Ni haki yako, tena si jambo lisiloweza kurudishwa. Katika orodha ya huduma za Windows unaweza kumsimamisha, ukamwandikia asiamke tena, na ukibadili shauri mwezi ujao ukamrudisha. Utampa tu saa kadhaa za kulisawazisha daftari lake. Lakini ujue unachokipoteza.

Kutafuta hakufi. Kompyuta bado itatafuta, ila itafanya kama ile ofisi isiyo na daftari: itapita folda baada ya folda wewe ukiwa unangoja. Tena kwa kawaida itaangalia majina ya majalada tu, isipokuwa umeiagiza iangalie na yaliyomo, na hapo utangoja zaidi. Anayetumia programu ya barua pepe ya Outlook iliyowekwa ndani ya kompyuta ataona hata kutafuta barua zake kumekuwa kwa shida, kwa maana programu hiyo nayo humtegemea karani huyu.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: mimi hutafuta nini, na mara ngapi? Yuko mwenye hati arobaini, amezipanga katika folda tano, anajua kila moja iliko. Huyo hana haja ya karani. Yuko mwalimu mwenye mitihani ya miaka kumi, au katibu wa chama cha kuweka na kukopa mwenye mihtasari ya vikao na barua za wanachama. Huyo akimfukuza karani atajuta siku ya kwanza atakapoulizwa, "Azimio lile lilipita kikao gani?"

Kati ya kumfukuza na kumwachia nyumba nzima iko njia ya tatu, nayo ndiyo wengi hawaambiwi: mpunguzie eneo. Tafuta mahali palipoandikwa Indexing Options, kisha bonyeza Modify. Utaona orodha ya folda zenye alama ya vema. Acha alama katika folda ya hati na penginepo unapotafuta mara kwa mara. Ondoa katika folda ya filamu, ya muziki, na ya nakala za simu. Katika Windows 10 na 11 upo pia uchaguzi wa jumla wenye majina mawili: Classic, ambapo karani hushughulika na folda zako za kawaida na mandhari ya kioo, na Enhanced, ambapo huzunguka kompyuta nzima. Kwa diski ya kuzunguka, chagua ule wa kwanza. Na pale pale ndani ya Indexing Options kiko kitufe cha Rebuild, cha kulijenga upya daftari lililoharibika, jambo ambalo huweza kutokea umeme ukikatika ghafla.

Ukimbakiza, zijue na tabia zake mbili. Ya kwanza, hulinganisha herufi kuanzia mwanzo wa neno. Kwa lugha ambazo maneno hubadilika mwishoni, hilo halina taabu. Kiswahili chetu hubadilika mbele. Ukiandika "kiwanja" hatakuletea hati yenye "viwanja". Ukiandika "mkataba" hataiona "mikataba". "Cheti" na "vyeti" kwake ni vitu viwili visivyojuana. Basi tafuta kwa umoja, kisha tafuta kwa wingi, kabla hujasema kitu kimepotea.

Ya pili, katika kompyuta ya kawaida hasomi maandishi yaliyomo ndani ya picha. Hati ya kiwanja uliyoipiga picha kwa simu na kutumiwa kwa WhatsApp itakaa humo kwa jina kama IMG-20240312-WA0007, na hata ungeandika "kiwanja" mara mia karani hatajua kwamba ndiyo unayoitaka. Dawa yake haiko katika kuzima wala kuwasha. Ipe jina siku ile ile inapofika: "Hati ya kiwanja Chanika 2024". Karani hodari hawezi kusoma barua ambayo haikuandikwa anwani.

NA SIRI JE?

Tumebakiwa na shutuma ya pili, ambayo kwa jirani yangu ndiyo iliyokuwa nzito. Yeye hakuja usiku ule kwa sababu ya lori na Kitonga; alikuja kwa sababu ya barua.

Nilimwambia kama ninavyokuambia wewe, ndugu msomaji. Kuzima faharasa ili kuficha siri ni kama kuzima taa chumbani ukaamini kwamba vitu vimeondoka. Barua ingali pale pale. Mtoto anayepekua folda kutafuta insha yake ataiona bila msaada wa karani, na ikiwa imepewa jina la "Barua kwa kaka kuhusu ugonjwa", hata kuifungua hana haja. Karani hakuvunja kabati la mtu. Alisoma tu yale aliyoruhusiwa kuyasoma, akamwonyesha mtu ambaye kwa macho ya mashine ndiye mwenyewe. Maana nyumba nzima ilikuwa ikiingia kwa jina moja, "Familia", bila neno la siri. Kwa kompyuta, baba, mama na binti walikuwa mtu mmoja. Ingewezaje kumficha mtu barua yake mwenyewe?

Dawa ya jambo hili ni kila mtu kuwa na akaunti yake na neno lake la siri. Baba awe na yake, mama na yake, watoto na zao. Kila akaunti ina folda yake ya hati, na karani huheshimu mipaka hiyo: mtoto akitafuta katika akaunti yake, hataletewa kilichomo katika folda ya baba ambayo hana ruhusa ya kuifungua. Jihadhari na jambo moja: akaunti za watoto ziwe za kawaida, zisiwe za msimamizi, kwa maana msimamizi anaweza kujipa ruhusa ya kufungua mlango wowote. Zipo na folda ambazo hata wewe mwenyewe usingependa ziandikwe katika daftari. Hizo ziondolee alama ya vema kama nilivyoeleza. Kazi yote hii haizidi nusu saa, wala haihitaji kulipa fundi.

Sitasema kwamba siri zote ni mbaya. Mishahara ya watu, barua za wakili, vipimo vya hospitali, ni haki ya mtu kuvihifadhi, na mtoto hana sababu ya kuvisoma. Lakini mashine hupewa ulinzi wa karatasi tu. Ama lipi lifichwe na lipi lisemwe mezani, hilo halina kitufe.

SHAURI LANGU

Nikusanye niliyoyasema. Mwenye diski ya SSD na amwache karani afanye kazi yake. Hamgharimu kitu cha kuonekana. Mwenye diski ya kuzunguka na hati nyingi ampunguzie eneo, ampe usiku mmoja au miwili amalize, kisha ndipo aamue. Mwenye mashine dhaifu, hati chache na mpangilio mzuri anaweza kumzima bila majuto, akijua kwamba siku ya kutafuta atangoja. Kwa mashine yenye diski ya zamani, hata hivyo, fedha ya kununua SSD itarudisha kasi kuliko huduma yoyote utakayoizima. Na kwa yeyote anayetaka kumzima kwa sababu ya siri, aache kwanza swichi hiyo, atengeneze akaunti.

Jirani yangu tulifanya hivi. Karani tulimbakiza, tukamwachia folda za hati tu. Picha za simu tukaziondoa katika eneo lake. Tukafungua akaunti nne. Diski mpya ameahidi kuinunua pensheni ikiingia. Barua ya Songea nilimwuliza tuihamishie katika akaunti yake yenye neno la siri, au tuifute?

Alikaa kimya kidogo. Kisha akamwita mkewe kutoka jikoni, akamvutia kiti mbele ya kioo, akamwambia, "Mama watoto, hebu soma hii." Mimi niliaga, nikatoka.

Sikusikia walichozungumza, wala haikunipasa. Lakini Alhamisi iliyofuata niliwaona wote wawili asubuhi na mapema kituo cha daladala, mama ameshika kadi ya kliniki mkononi. Jioni yake nikapita kuwajulia hali. Binti alinikaribisha kwa "shikamoo baba", akatuletea chai vikombe viwili, akaweka na bakuli la sukari mbele yangu peke yangu. Mzee alicheka, akasema, "Hata hawanifichi tena."

Tukutane Jumapili ijayo, Mwenyezi Mungu akipenda.